Jinsi ya kufanya prezentesheni kwa mteja wakati mwenye hela hayupo kwenye kikao

Ukianza kuzunguka maofisi ya Arusha na Moshi kuuza huduma, kubali mapema kwamba yule unayemwonyesha slaidi mara nyingi sio yule anayesaini. Unakaribishwa na meneja oparesheni, pembeni yupo mhasibu, labda na dada wa rizavesheni kaitwa naye asikilize, wanakusikiliza vizuri tu, wanatikisa vichwa, mwisho unaambiwa "sawa, tutaongea na mzee tukupe jibu". Mzee yuko Dar. Au yuko shambani Machame. Au mwenye kampuni ni mama anaishi Ujerumani na huku anakuja msimu ukianza. Hapo ndo dili nyingi zinapokufa, manake umejiandaa umfurahishe meneja na meneja kafurahi kweli, ila kesho yake akisimama mbele ya mzee anachokumbuka ni "kuna vijana walikuja jana, wako vizuri, wanauza vyakula". Bei? Hana uhakika. Wana tofauti gani na yule tunayemtumia sasa? Anababaika. Mzee anasema achana nao, na wewe huku bado unakaa na simu mkononi unasubiri.

Kwa hiyo haya yote ninayoandika hapa yanalenga kitu kimoja: unaongea na mtu ambaye itabidi akuuze wewe kwa mtu mwingine, ukiwa haupo. Kila slaidi, kila namba, kila jibu, jiulize huyu meneja ataweza kulirudia bila mimi?

Nitatumia mfano mmoja ili tusipotezane. Tuseme una jiko maeneo ya Sakina na unataka kuuza lanchi boksi kwa kampuni ya safari. Kwa asiyeijua hii biashara, magari yanatoka mjini asubuhi na mapema kwenda Tarangire, Manyara, Ngorongoro, mchana wageni wanakula huko huko porini, kwa hiyo chakula kinafungwa kwenye boksi kabla gari halijaondoka. Kampuni nyingine zinajipikia, nyingine zinachukua kwenye hoteli alikolala mgeni, nyingine zinanunua kwa wapishi wa mjini. Wewe ni wa hilo kundi la mwisho. Ila hata kama unauza bima, sola, programu ya hoteli au ulinzi wa mageti, mambo ni yale yale.

Kazi kubwa iko kabla ya kikao

Ukitaka kujua shida ya kampuni ya safari usianze na meneja, meneja atakwambia kila kitu kiko poa. Nunua chai ukae na madereva pale wanapoosha magari. Ndani ya nusu saa utakuwa umesikia yote: maboksi yanachelewa mpaka wageni wanakaa kwenye gari wanaangaliana, mgeni hali nyama kafungua boksi kakutana na paja la kuku, ndizi imeiva mno imechafua keki na sendiwichi, juisi imepasuka, siku ya tatu mfululizo chakula ni kile kile na wageni wameanza kutania. Hayo ndo maudhui yako. Mtu wa ofisini anayapata juu juu tu, kwenye malalamiko ya mwisho wa safari, wewe unayaleta yakiwa mabichi.

Ila angalia, usije ukakaa kwenye kikao ukasema "dereva wenu fulani kaniambia". Umemchoma mwenzio, na meneja atajiuliza kesho utabeba yapi ya kwake upeleke wapi. Sema tu "kwenye hii biashara tunayaona sana haya", wenyewe watajijua.

Alafu piga simu kwa meneja siku mbili tatu kabla. Sio kukumbusha tu kikao, kuna maswali matatu ya kuuliza, na la maana zaidi ni la nani anaamua. Watu wanaogopa kuliuliza kwa sababu linaweza kusikika kama unamdharau, eti wewe huna uwezo nitafutie mkubwa wako. Liulize hivi: "Samahani bosi, nataka nijiandae vizuri nisiwapotezee muda, zaidi yako kuna mtu mwingine atahitaji kuiona hii kabla hamjaamua? Na yeye huwa anaangalia nini zaidi, bei au huduma?" Hapo umempa heshima yake na amekwambia kila kitu. Akijibu "mzee anataka tu kujua kama mnaaminika", basi bei sio vita yako ya kwanza, vita yako ni kuaminika. Maswali mengine mawili ni mepesi: mna TV au projekta, na tutaongea Kiswahili au Kiingereza. Kuna ofisi mwenyewe ni Mzungu lakini anaongea Kiswahili kuliko wewe, na kuna nyingine wote ni wa Kirua Vunjo lakini karatasi zote lazima ziwe za Kiingereza kwa sababu zinaenda kwa wabia wa nje. Usikisie.

Moshi kuna aina nyingine ya mteja, ile ya kamati. Saccos, AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), bodi ya shule, hospitali. Huu ni mji ambao chama cha ushirika cha kahawa, KNCU, kipo tangu 1933, watu wameshakaa kwenye vikao tangu enzi za babu zao, kwa hiyo usidhani utawapelekesha. Kwenye kamati hakuna anayeamua siku ile ile, na wala usilazimishe. Mtu wako pale ni katibu. Yeye ndo anaandika muhtasari, na kile alichoandika ndo kitakachosomwa kikao kijacho wakati wewe uko nyumbani. Kwa hiyo ukifika kwenye bei au muda wa mkataba punguza spidi, rudia mara mbili, muangalie kama kalamu yake imesimama ndo uendelee. Mwisho mpe karatasi moja yenye zile namba. Makatibu wanashukuru sana, na muhtasari unatoka na maneno yako badala ya "mgeni alieleza kuhusu huduma zake, wajumbe walimshukuru".

Anza na yale maneno ambayo meneja atayasema

Usifungue PowerPoint kwanza. Chukua karatasi, andika kile unachotaka meneja akamwambie mzee, kwa lugha ya meneja, sio lugha ya broshua. Mfano:

"Kuna watu wanaleta lanchi boksi getini kwetu saa kumi na moja alfajiri, kila boksi lina jina la mgeni na anachokula, boksi likichelewa hatulilipii, bei ni elfu kumi na tano."

Basi. Hiyo ndo prezentesheni yenyewe, slaidi zinakuja kuisindikiza tu. Angalia ina nini ndani: muda, kitu kinachoonekana kwa macho, ahadi yenye maumivu kwako ukiivunja, na bei. Haina "ubora wa hali ya juu", haina "suluhisho", haina "timu yenye uzoefu", manake hayo kila mtu anayasema na mzee alishayasikia mpaka kachoka.

Jinsi ya kuipima, mwambie mtu asiyehusika, mdogo wako, jirani, mama wa genge, alafu muache aendelee na shughuli zake. Baada ya saa moja muulize "hivi nilikwambia nini kuhusu ile biashara?" Kilichobaki kichwani kwake ndo kitakachobaki kwa meneja. Kama amesahau bei, bei yako imekaa vibaya, labda ina mafungu mengi, boksi la aina A, aina B, ukichukua zaidi ya thelathini punguzo hili, Jumapili bei ile. Punguza. Bei moja ya kuanzia inatosha, mafungu mtayajadili wakishakubali.

Slaidi

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Nimeshakaa upande wa wanaonadiwa, na ninachokiona ni slaidi ya kwanza jina la kampuni, ya pili historia, ya tatu dira na dhamira, ya nne maadili ya msingi, ya tano mkurugenzi na tai yake, na wakati huo meneja keshaanza kuchezea simu chini ya meza. Dira yako inamsaidia nini mtu ambaye saa kumi na moja alfajiri ana magari kumi yanasubiri chakula?

Anza na asubuhi yake. Slaidi ya kwanza iwe picha ya gari na saa ukutani, au maneno matatu tu, "Saa 11:00 alfajiri", na wewe unaelezea kwa mdomo nini kinatokea boksi likichelewa: gari limechelewa, geti la hifadhi limechelewa, simba waliokuwa barabarani wameshaingia kivulini, na mgeni amelipia siku nzima. Ukielezea hivyo utawaona wanaangaliana. Baada ya hapo onyesha nyie mnafanyaje, hatua kwa hatua, oda inafika lini jioni, nani anafunga, nani anasimamia majina, boda au kirikuu kinatoka saa ngapi. Picha ziwe za jiko lako na chakula chako, umepiga kwa simu mchana kwenye mwanga wa dirisha inatosha kabisa. Picha za intaneti zinajulikana tu, ile saladi yenye matone ya maji haijawahi kupikwa Sakina.

Kwenye vifungashio usipite haraka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019 na wageni wenyewe wanakuja wakiwa na macho makali kwenye mambo ya takataka, kwa hiyo onyesha boksi lako ni la nini na likishatumika linaenda wapi. Hiki ni kitu meneja anaweza kukisema kwa mzee na mzee akakisema kwa ajenti wa nje, yaani kinasafiri kirahisi.

Alafu slaidi ya hela. Wengi wanaificha mwisho kabisa kwa maandishi madogo kama vile wanaona aibu. Iweke wazi na uifanyie hesabu, usiwaachie wao wapige. Hivi: siku ya msimu magari 10, kila gari wageni wanne na dereva, hayo ni maboksi 50. Mara 15,000 ni 750,000 kwa siku. Kama umesajiliwa VAT ongeza 18% ambayo ni 135,000, jumla 885,000. Andika hiyo jumla kubwa kuliko vyote, kwa sababu mzee hataulizia bei ya boksi, atauliza "kwa siku inatoka shilingi ngapi?" na meneja inabidi awe nayo mdomoni. Kama hujasajiliwa VAT sema hujasajiliwa, mhasibu atauliza tu, na atauliza pia kuhusu risiti ya EFD, kwa hiyo bora umtangulie.

Na uandike kwa shilingi. Watu wa utalii wamezoea kuongea dola hata wakinunua nyanya, lakini tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kutangaza na kudai bei kwa fedha za kigeni kwa huduma na bidhaa za hapa ndani. Ukija na kotesheni ya dola unamwachia mhasibu kazi ya kukukataa.

Slaidi inayosahaulika sana ni ya "ikiharibika je". Boda akianguka, umeme ukikatika usiku wa kupika, mgeni akiongezeka saa nne usiku. Andika mnafanya nini na mnalipa nini. Mzee yeyote mwenye biashara amewahi kuumizwa na msambazaji, hicho ndo kitu anachokiwaza, na meneja akienda na jibu lililoandikwa kabisa anaonekana na yeye amefanya kazi yake.

Mambo ya muonekano nitapita haraka. Maandishi meusi kwenye nyeupe, kwa sababu vyumba vingi vya vikao huku vina madirisha makubwa na mapazia mepesi, ile slaidi yako ya bluu iliyokolea na maandishi ya njano jua likipiga hamna kitu kinaonekana. Fonti isishuke chini ya 28. Slaidi sita, saba, zinatosha. Na ukimaliza hifadhi na nakala ya PDF, manake ukifungulia kwenye laptopu yao fonti zinahama na picha zinaruka.

Siku yenyewe

Kama unatoka Moshi kwenda Arusha ni kilomita kama 80 na kwenye ramani inaonekana ni kitu cha kugusa tu, lakini ile barabara ina vibao vya 50 kila penye makazi na trafiki wa kutosha, ukifika mjini nako kuna foleni, na kukiwa na mkutano mkubwa AICC, ule ukumbi wa mikutano ya kimataifa, au wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wapo mjini barabara zinafungwa na hakuna atakayekuonea huruma. Kikao cha saa nne asubuhi, saa tatu uwe umeshakunywa chai jirani na ofisi.

Beba vyako vyote. Laptopu yenye chaji ya kutosha kumaliza kikao bila umeme, waya wa HDMI wa kwako, na kile kichwa cha kubadilishia kama laptopu yako ina tundu dogo la USB-C tu, ekstensheni, na nakala za karatasi kwa kila atakayekuwepo pamoja na moja ya ziada. Hiyo ya ziada ni ya mzee. Umeme ukikata hamkai kusubiri jenereta, unagawa karatasi na kuendelea, tena wakati mwingine kikao kinakuwa kizuri zaidi hivyo. Na kama ni Aprili na ofisi ni ya bati bila dari, mvua ikishuka hamna sauti ya binadamu inayosikika, usipige kelele, waonyeshe karatasi, waache wasome, subiri ipungue.

Kabla hujaunganisha kwenye TV yao zima WhatsApp ya kwenye laptopu. Tafadhali. Hakuna kitu kinachokata stimu kama ujumbe wa kikoba kutokea juu ya slaidi ya bei unakukumbusha hujatoa mchango. Batani za kukusaidia: F5 inaanzisha slaidi toka mwanzo, Shift na F5 inaanzia hapo ulipo, Windows na P ndo ya kuchagua kioo chao kionyeshe nini, na ukibonyeza namba ya slaidi alafu Enter unaruka moja kwa moja mpaka hapo, nzuri sana mtu akisema "hebu rudisha pale kwenye bei". Ninayoipenda kuliko zote ni B, kioo kinakuwa cheusi. Ukiwa na jambo la maana la kusema bonyeza B, wote watageuza macho toka kwenye TV waje kwako.

Salamu usizirukie. Mkubwa kwako mpe shikamoo hata kama yeye ndo mlinzi aliyekufungulia geti, huyo mlinzi ndo atakayepokea maboksi yako alfajiri. Ndani uliza msimu unaendaje, wageni wapo? Haya sio maneno ya kupoteza muda, majibu yake yanakwambia hela ipo au haipo na uongee kwa namna gani. Akiwa ni bosi wa kutoka Ulaya ambaye keshaangalia saa, fupisha, anza.

Boksi la mfano liweke mezani tangu mwanzo, limefungwa, lina jina la meneja juu na anachopenda kula kama umeweza kukijua. Usilifungue. Lifungue ukifika kwenye sehemu ya "kila boksi lina jina". Ukiwalisha mapema watakula, watasifia pilipili, na hakuna atakayesikia habari ya saa kumi na moja. Ukiwalisha mwisho kabisa wanabeba wanaenda nalo mezani kwao na kila mtu ofisini anauliza hilo limetoka wapi.

Ongea robo saa, ikizidi sana dakika ishirini, hata kama wamekupa saa nzima. Muda unaobaki ni wa kwao. Usisome slaidi, wanajua kusoma. Na mgawie macho mhasibu, watu wanamkazania meneja kwa sababu ndo anacheka, yule aliyenyamaza na kalkuleta ndo ataulizwa na mzee "wewe umeonaje?".

Maswali

"Bei yenu iko juu." Usishuke hapo hapo, ukishuka kwa kelele moja umesema ile ya kwanza ilikuwa ya uongo. Uliza "ukilinganisha na nini?" kwa upole tu. Kama analinganisha na boksi la elfu kumi na mbili la mtu anayechelewa, rudi kwenye ile asubuhi. Kama kweli bajeti haifiki, badilisha kilichomo ndani ya boksi, toa kitu, bei ishuke kwa sababu inayoeleweka na meneja anaweza kuieleza.

"Mnafanya na nani?" Taja wateja waliokuruhusu kuwataja, bei zao usitaje hata kwa kukonyeza. Anayekusikia unatoa siri ya mwenzake anajua na yake itatoka. Kama bado huna mteja wa aina yao sema tu huna, uwape namba ya mtu mmoja mnayemhudumia, hata kama ni shule au ofisi ya kawaida.

"Tunaweza kulipa kila baada ya siku thelathini?" Hili ndo linalowaua wadogo. Lipigie hesabu kabla hujaja: 750,000 kwa siku mara siku 30 ni 22,500,000, hiyo ndo hela utakayokuwa umewakopesha kabla hujaona shilingi, kuku na gesi na mishahara ni juu yako. Kama huna, usiseme ndiyo kwa sababu ya furaha. Sema "tunaweza wiki mbili, na wiki ya kwanza mnatanguliza nusu", na hilo liwe kwenye karatasi, manake masharti ya kusemwa mdomoni yakifika kwa mzee yanakuwa yamebadilika.

Swali usilolijua, andika mbele yao, sema utajibu leo kabla ya saa kumi na mbili jioni, na ujibu. Kwa mtu anayeuza kitu cha kufika kwa wakati hiyo yenyewe ni onyesho.

Mwenyewe akiwa nje ya nchi

Wakati mwingine meneja anasema "ngoja nimuunganishe mama kwenye Zoom wiki ijayo". Sisi hatubadilishi saa, wao wanabadilisha. Berlin wakati wa baridi iko nyuma yetu kwa saa mbili, wakati wa joto saa moja. New York saa nane na saa saba. Marekani wanahamisha Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya wanasubiri Jumapili ya mwisho ya Machi, hapo katikati ndo watu wanakosana. Na usiandike "saa nne" kwa mtu wa nje ukategemea akuelewe, andika 10:00 ya Tanzania na saa ya kwake pembeni. Kaa ofisini kwa mteja ukiweza, pembeni ya meneja, mama akiona wawili nyie mko meza moja kazi imeshaanza kufanyika. Tuma kabla kavideo ka dakika moja ka jiko alfajiri, kadogo kasiko na muziki, kama mtandao ukigoma siku ya kikao atakuwa ameshaona.

Ujumbe wa kufowadi

Usiondoke ukasema "nasubiri simu yenu". Siku hiyo hiyo kabla ya jioni mtumie meneja WhatsApp ambayo anaweza kuifowadi kwa mzee bila kubadilisha neno. Ina maana hakuna "mambo vipi kaka" ndani yake, salamu tuma kwenye ujumbe tofauti. Kama hivi:

"Lanchi boksi, jiko la Sakina. Getini kwenu saa 11:00 alfajiri. Kila boksi lina jina la mgeni. Likichelewa halilipiwi. Sh 15,000 bila VAT. Kwa magari 10 ni Sh 885,000 kwa siku pamoja na VAT. Malipo kila wiki 2. Tunapendekeza kujaribu na magari 2 kwa wiki moja."

Chini yake PDF ya ukurasa mmoja, jina la faili liwe na jina la kampuni yako na huduma, sio "final final 2". Voisi noti usitume, mzee hatasikiliza dakika tatu za sauti yako ukiwa kwenye kifodi.

Akinyamaza, baada ya siku nne tano mpigie, na usiulize "mmefikia wapi?", uliza "mzee aliuliza nini ambacho hatukukiandika?". Hapo unapata pingamizi lenyewe na unaweza kulijibu. Kuhusu muda, wiki ya Karibu-KiliFair mwanzoni mwa Juni usitafute kikao na kampuni ya safari, wote wako kwenye maonyesho. Aprili na Mei ndo ofisi zimepoa na mameneja wana nafasi ya kukaa kitako, wakikwambia "tuonane baada ya masika" omba mjaribu na yale magari mawili ya kwanza ya Juni, na uandike tarehe.

Na ikitokea siku ya kikao mzee mwenyewe kaingia katikati bila taarifa, amesimama mlangoni na fimbo yake au na funguo za gari mkononi, shikamoo, mpishe kiti, usianze upya kutoka slaidi ya kwanza na usimsimulie mlipofikia. Mpe ile karatasi ya ziada, sema yale maneno uliyoyaandika mwanzo, alafu nyamaza umsubiri aulize.